Visa vya Mitume Vinastahili Darasa Lao

Uliza ratiba katika madrasa yoyote ya Mbagala, Tandika au Mwananyamala, hapa Dar es Salaam, utatajiwa Qur'ani, tajwidi, tauhidi, fikihi, hadithi, na penye mwalimu wa kutosha, Kiarabu. Visa vya Mitume (A.S.) vipo, lakini mara nyingi havina saa yao. Huja Alhamisi watoto wakishachoka, au siku ya mvua ambayo nusu ya darasa haikufika na ustadhi haoni sababu ya kuanza somo jipya. Hapo watoto husogea mbele kwenye jamvi, kelele zinaisha, na kwa robo saa hakuna anayechungulia dirishani. Kisha wanaambiwa wafungue juzuu, kazi iendelee.

Mpangilio huo unasema kimya kimya kwamba kisa ni kipumziko. Msahafu wenyewe hausemi hivyo. Mitume 25 wametajwa humo kwa majina, Nabii Musa peke yake zaidi ya mara 130, na sura nzima ya 12, yenye aya 111, imetengwa kwa maisha ya mtu mmoja, Yusufu, tangu ndoto yake ya utotoni hadi alipokutana tena na baba yake. Sura ya 28 inaitwa Al-Qasas, yaani Visa. Aya ya mwisho ya Sura Yusufu inaeleza kwamba katika habari za waliotangulia mna mazingatio kwa wenye akili. Wanaolengwa hapo ni wenye akili, watu wazima kwa watoto, na mazingatio hayaji kwa kusikiliza tu. Hoja yangu ni kwamba madrasa zetu zinawasimulia watoto visa bila kuwasomesha, na kwamba tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Mwambao huu haukuanza hivyo. Mwaka 1728 kule Pate, Mwengo bin Athumani alitunga Utenzi wa Tambuka juu ya Waislamu na mfalme wa Rumi. Pwani ilikuwa pia na tenzi za Yusufu, za Ayubu, za masahaba na vita vyao, zilizoimbwa mbele za watu, zikanakiliwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, na wanawake wakiwa miongoni mwa watunzaji wake wakubwa. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga alitunga utenzi wa Seyidna Huseni, na kwa bahari ileile akatunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, juu ya mapigano aliyoishi kuyaona mwishoni mwa karne ya 19. Hilo lina maana kwetu: aliyezama katika visa vya zamani ndiye aliyekuwa na zana ya kusimulia msiba wa siku zake.

Baadaye zikaja tafsiri za Qur'ani kwa Kiswahili. Ya kwanza kamili ilitolewa na mmishonari wa Kianglikana, Godfrey Dale, mwaka 1923. Ya Waahmadiyya ikafuata mwaka 1953, na mwaka 1969 ikatimia ile iliyoingia katika nyumba nyingi zaidi za Waislamu wa pwani, ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy. Tangu hapo mama wa Temeke asiyejua Kiarabu ameweza kufungua Sura Hud na kusoma mwenyewe Nuhu alimwambia nini mwanawe. Kitabu kipo. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa naye na kumuuliza: umeona nini hapo?

Tuna bidii kubwa sana katika kuhifadhi, na naisema kwa kuiheshimu. Mashindano ya Qur'ani ya mwezi wa Ramadhani yamewahi kuujaza uwanja mkubwa wa mpira pale Temeke, watu maelfu wakinyamaza kumsikiliza mtoto wa miaka kumi akisoma, na sijui sherehe nyingine ya elimu katika jiji hili inayokusanya umma kama ule. Lakini mtoto huyo anaweza kusoma Sura Yusufu kwa moyo, kila ghuna mahali pake, na asijue kwa nini Yaakubu alimkataza mwanawe kuwasimulia kaka zake ile ndoto. Hatumpi zawadi kwa kulijua hilo, wala hatumuulizi.

Nianze na kisa ambacho, kwa maoni yangu, kingepaswa kusomwa kwanza katika mji wa masoko kama huu: cha Shuaibu na watu wa Madyan. Katika mawaidha kinapita kwa sentensi mbili, kwamba walipunja vipimo wakaangamizwa. Kisome polepole ukutane na jambo jingine. Katika Sura Hud, watu wa Madyan wanamjibu Nabii wao kwa kumuuliza kama sala yake ndiyo inayomwamrisha wao waache waliyoabudu baba zao, au waache kufanya watakavyo katika mali zao. Hawakumwambia aache kusali. Walichokataa ni sala iingie sokoni. Walitaka dini ibaki kwenye mswala, na mizani ibaki kwa mwenye duka.

Sasa nenda Tandale au Temeke Stereo asubuhi magari ya mazao yakishusha. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na kwa miaka mingi Wakala wa Vipimo umepambana na lumbesa, lile gunia lililoongezwa kichwa kwa kushonewa wavu mpaka mkulima anauza moja na nusu kwa bei ya moja. Viazi hivyohivyo vikifika mjini vinauzwa kwa kisado, na kisado chenyewe kinaweza kuwa kimebonyezwa kitako, au kimepangwa kwa ustadi hadi nusu ya ujazo ni hewa. Mtu mmoja anapokea kwa kipimo kilichofura na kutoa kwa kipimo kilichonywea. Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inafunguka kwa kumlaani mtu huyo, kwa pande zake zote mbili, tena kwa mpangilio huohuo: akipokea anatimiza, akitoa anapunguza. Mwanafunzi aliyesoma sura hiyo pamoja na kisa cha Shuaibu, kisha akatumwa na mama yake kununua kisado cha viazi, amepata somo la fikihi ya biashara ambalo hatalipata katika orodha ya masharti ya mauziano. Ameona kwamba suala la kipimo lilitosha kutumiwa Mtume.

Kisa cha pili ni cha Adam na mkewe, na hapa kusimulia bila kusoma kumetuletea madhara. Katika mazungumzo ya harusini, katika mafundisho ya kumweka mwari, hata katika mawaidha ya watu wazima, utasikia kwamba Hawa ndiye aliyedanganywa na nyoka, akamdanganya Adam, na ndiyo sababu mwanamke ni wa kuangaliwa. Fungua Msahafu uitafute habari hiyo. Jina la Hawa halimo katika Qur'ani, limekuja kwa hadithi. Nyoka hayumo. Katika Sura Al-A'raf Shetani anawatia wasiwasi wote wawili, wanakula wote wawili, na wanatubu wote wawili kwa dua moja. Katika Sura Taha anayenong'onezwa ni Adam, na anayetajwa kwa kuasi ni Adam. Simulizi ya mwanamke kuanza haikutoka humo. Iliingia kwa njia nyingine, na tumeirudia hadi binti wa miaka tisa anaibeba moyoni akiamini ni aya.

Mama aliyesomeshwa kisa hicho vizuri ana la kumjibu yeyote atakayemtupia. Na akisomeshwa Sura Mariamu atakuta kwamba mwanamke aliyeteuliwa juu ya wanawake wa walimwengu, uchungu ulipomfikia chini ya shina la mtende, alitamani angekuwa amekufa na kusahaulika kabla ya siku ile. Mwenyezi Mungu hakuificha kauli hiyo, wala hakumkemea. Alimpa maji, tende na maneno ya kumtuliza. Wangapi wanaojifungulia Mwananyamala na Temeke wameambiwa kwamba kulalamika kwa uchungu ni upungufu wa imani? Wanawake hao wana haki ya kukijua kisa cha mwenzao kama kilivyoteremshwa.

Yusufu nitamgusa kwa upande mmoja tu, kwa kuwa sura yake ingehitaji makala yake. Nyumba nyingi za Magomeni na Temeke, zile za vyumba sita na ukumbi katikati, sasa ziko mikononi mwa watoto wa baba mmoja na mama wawili au watatu. Mashauri ya mirathi yanafika Bakwata, yanafika mahakama ya mwanzo, na ndugu wanapitana mlangoni bila salamu. Tunawasomea aya za mirathi, mafungu na sehemu zake, na ni haki yao kuzijua. Lakini sehemu hazielezi chuki ilianzaje. Sura Yusufu inaeleza: ilianza kwa ndugu kuhesabu nani anapendwa zaidi, ikalelewa kwa maneno ya faragha, na mmoja wao aliposita asiuawe mtu, hakuwa na ujasiri wa kukataa kabisa, akapendekeza kisima. Inaeleza pia kwamba aliyedhulumiwa, alipopata madaraka ya kulipiza, aliwaambia hakuna lawama juu yao siku ile. Kadhi anaweza kugawa nyumba. Kukaa tena sebule moja kunahitaji elimu ya aina nyingine, na imo katika sura hiyo.

Nilikaa nyuma ya darasa moja la alasiri huko Tandika ustadhi alipofika kwenye kisa cha Musa na yule mja mwema, katika Sura Al-Kahf. Alikuwa kijana mwenye sauti ya chini, chaki mkononi, ubao umepasuka pembeni. Aliposema kwamba yule mja alimuua kijana, msichana aliyekaa karibu na mlango akanyoosha mkono: "Ustadhi, sasa na mimi nikimuona mtu mbaya nikamuua, si nitakuwa kama yeye?" Wenzake wakacheka. Ustadhi hakucheka. Akaliuliza darasa: Nabii Musa alipoona lile tendo, alinyamaza? Wakajibu hapana, aligomba. Alikosea kugomba? Kimya. Akawaeleza kwamba Musa alikuwa na sharia mkononi, na kwa sharia alikuwa sahihi kukataa damu ya mtu asiye na hatia. Akawasomea mwisho wa kisa, pale yule mja aliposema hakufanya lile kwa amri yake mwenyewe. Kisha akawauliza: leo kuna mtu anayeteremshiwa amri hiyo? Hakuna. Basi atakayekuja kwenu akasema ana elimu ya siri inayomruhusu alichokataza Mwenyezi Mungu, mwiteni nini? Mtoto mmoja akajibu kwa sauti kubwa: "Muongo!"

Swali la yule msichana lilikuwa zito. Katika vitongoji hivi hivi wapo waganga wanaojitia usheikh na kudai wamefunuliwa yaliyofichika, wakimtaja Khidhri, yaani yule mja mwema, kama hati yao, na kwa hati hiyo wanachukua fedha za watu, na wakati mwingine heshima za mabinti zao. Wapo pia vijana waliosadikishwa kwamba damu ya mtu ni halali kwa kuwa kiongozi wao anajua wasilolijua wao. Mtoto aliyejadili kisa hicho na mwalimu makini ana kinga ambayo aliyekisikia tu hana. Aliyekisikia amebaki na picha ya mtu wa ajabu aliyevunja sharia na akawa sahihi. Picha hiyo bila maelezo ni ya hatari.

Wapo masheikh wanaoviepa visa kwa hoja nzito. Wanasema humo ndimo upotofu ulimojificha. Ni kweli kwamba tangu karne za mwanzo wasimulizi walizijaza nafasi ambazo Qur'ani iliziacha wazi, kwa habari zilizotoka kwa Wayahudi na Wakristo waliosilimu, zinazojulikana kama Israiliyati. Kaabu al-Ahbari na Wahbu bin Munabbih, wote watu wa Yemen, wanatajwa sana katika mlango huo. Al-Thaalabi wa Nishapur, aliyefariki mwaka 1035, alikusanya mengi bila kuyachuja, na kitabu chake kikapendwa kuliko vya waliochuja. Ndiyo sababu watu wanajua funza walianguka mwilini mwa Ayubu naye akiwarudisha, jambo ambalo Qur'ani haina na wanazuoni wengi wamelikataa kwa kuwa halilingani na cheo cha Mtume.

Lakini dawa yake wanazuoni haohao wameitoa, na ni kusoma zaidi. Ibn Kathir wa Damascus, aliyefariki mwaka 1373, alieleza utaratibu ulio wazi: habari ya Bani Israili inayoafikiana na wahyi wetu tunaisadiki, inayopingana nao tunaitupa, na ile ambayo wahyi umeinyamazia hatuisadiki wala hatuikadhibishi, inaweza kusimuliwa bila kuwekewa msingi wa dini. Kijana wa miaka kumi na nne anaweza kulitumia hilo. Mpe Sura Yusufu na umwambie apigie mstari yaliyomo na yasiyomo. Atagundua kwamba mke wa mheshimiwa hana jina katika sura hiyo, na kwamba Zulekha wa nyimbo na simulizi katoka kwingine. Mpe Watu wa Pangoni: ataona Qur'ani yenyewe ikitaja mabishano juu ya idadi yao, kisha ikimkataza Mtume kuingia katika mabishano hayo. Siku atakapotumiwa kwenye simu sauti ya mtu anayedai kujua jina la mbwa wao na faida ya kuliandika juu ya mlango, atajua aanzie wapi kuuliza.

Kunyamaza huko kwa Qur'ani ndiko kunakonigusa zaidi. Kinachoachwa huachwa kwa kuwa hakibebi funzo, na kinachobaki ndicho tunachotakiwa kukiangalia. Anayesoma kwa kufuata lililobaki hujifunza kutofautisha jambo la msingi na jambo la kunogesha, na ustadi huo ataubeba hadi kwenye gazeti, mahakamani na kwenye mkutano wa kampeni.

Chukua mafuriko. Desemba 2011 mvua ililitia maji jiji, watu wakafa, bonde la Msimbazi likajaa, na serikali ikawahamishia wengine Mabwepande, mbali huko kaskazini ya Kinondoni. Kila masika mabaya tangu hapo, hawakosekani wa kusema kwamba hiyo ni gharika ya Nuhu, na waliozama walistahili. Kisome kisa. Wakubwa wa kaumu ya Nuhu walimkataa kwa hoja kwamba waliomfuata ni wanyonge wao, watu duni, wakamtaka awafukuze. Nuhu akakataa kuwafukuza. Kwa hiyo ndani ya safina walikuwamo wale wa bondeni, na aliyezama alikuwa yule aliyetegemea kilima. Kisa hicho kimekuwa kikigeuzwa miguu juu kuwahukumu hasa watu ambao Nabii aliwapakia. Tena Nuhu alijua kwa wahyi kwamba maji yale ni adhabu, baada ya kuwaita watu wake miaka elfu kasoro hamsini. Hakuna khatibu wa leo mwenye wahyi juu ya mvua ya Jangwani.

Visa hivi pia tunavishiriki na jirani. Kinondoni na Temeke nyumba ya Mwislamu na ya Mkristo zinagusana ukuta, na Ibrahimu, Musa, Yusufu na Mariamu wanajulikana pande zote mbili. Tangu miaka ya 1980 mihadhara ya mlingano wa dini iliwavuta watu kwa kuvisoma vitabu viwili pamoja, na Uislamu katika Biblia, cha Ngariba na Kawemba, kilichotoka mwaka 1987, kilikuwa mashuhuri sana katika mlango huo. Wahadhiri hao walisoma kwa bidii, na Mwislamu wa kawaida aliyedharauliwa kwa kukosa shule alipata kujiamini. Lakini kisa kikisomwa kwa ajili ya kumshinda mtu, yaliyobaki ndani yake hayaonekani. Mabishano juu ya mihadhara hiyo yalichangia mvutano uliofikia risasi na vifo Mwembechai, Magomeni, Februari 1998. Naona hasara iliyobaki hadi leo ni kwamba vijana wengi wanajua hoja za nani alitakiwa kutolewa kafara, Ismaili au Is-haka, na hawajawahi kukaa na lile swali la baba aliyemuuliza mwanawe ana maoni gani kabla ya kumlaza chini.

Kikwazo kikubwa, kwa ninavyoona, ni mwalimu na saa zake. Ustadhi mmoja wa Chamazi au Yombo anaweza kuwa na watoto themanini, anaishi kwa ada ndogo ambayo wiki nyingine haiji, na mzazi akija anauliza swali moja tu: mwanangu amefika juzuu ya ngapi? Kwa swali hilo hatatenga saa kwa Shuaibu. Mzazi akianza kuuliza mwanawe ameelewa nini, ratiba itabadilika bila waraka wa mtu yeyote.

Mahali pa kuanzia papo tayari. Ni madarasa ya akina mama, yale yanayokutana mchana wa katikati ya wiki, watoto wakiwa shule na chungu cha usiku bado. Hayana mtihani, hayana mashindano, wanafunzi wake wanasoma Kiswahili vizuri, wana tafsiri ya Farsy kabatini na miaka thelathini ya ndoa, misiba na biashara ya kupimia kila aya. Nimewaona wakibishana saa nzima juu ya mama yake Musa, kama alikuwa na utulivu pale alipomtia mtoto mtoni au kama utulivu ulikuja baadaye, wakarudi kwenye Sura Al-Qasas kuhakikisha, wakakuta moyo wake ulikuwa mtupu na alikaribia kuidhihirisha siri. Mmoja akasema basi, kumbe hata aliyeahidiwa na Mungu alitetemeka. Kila msikiti wenye darasa la namna hiyo ungempa mwalimu wake Sura Yusufu kwa miezi mitatu, aya kumi kwa wiki, na ruhusa ya kuuliza.